Maneno ya Filamu ya Infraredi: Uhakiki wa Rasimu Moja Iliyojaribiwa Binza

Rasimu tunayoihakiki hapa ina kurasa kumi na nne tu, nayo haijachapishwa. Ni tafsiri ya mwongozo wa kupiga picha nyeusi na nyeupe kwa filamu ya infraredi, yaani filamu inayopokea mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Mfasiri aliiandaa kwa ajili ya mwalimu mmoja wa jiografia wa Binza, katika Mkoa wa Simiyu, nasi tukaombwa kuipitia kwa jicho la istilahi. Tuliipitia, tukaisahihisha, tukairudisha na maneno ya pongezi. Miezi minane baadaye tulipata barua kutoka Binza. Ndani ya bahasha mlikuwamo vipande vya mikanda miwili ya filamu iliyokwisha kusafishwa. Wa kwanza ulikuwa mtupu kama kioo cha dirisha. Wa pili ulikuwa na vivuli hafifu mithili ya ukungu wa alfajiri. Mwalimu hakuandika lawama. Aliuliza jambo moja tu: ni wapi alipokosea kusoma?

Baada ya kwenda Binza na kuufuata mwongozo huo pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, twaweza kujibu kwamba hakukosea popote. Alifanya sawasawa na maneno yalivyomwelekeza. Baadhi ya maneno hayo ni ya mfasiri. Mengine, tena yale yaliyoleta hasara kubwa zaidi, yaliandikwa au kufutwa kwa kalamu yetu wenyewe. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao kila siku hupokea orodha za istilahi na kuziamini, tumeonelea ni haki yao kujua jinsi neno lililopita mezani bila kipingamizi linavyoweza kumwangusha mtu shambani.

Kwanza tueleze mwalimu alikuwa akitafuta nini. Wasukuma wana desturi ya kutenga sehemu ya malisho iitwayo ngitili. Sehemu hiyo hufungwa mvua zinapoanza ili mifugo isiingie, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi, majani yanapoadimika mahali pengine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, ulijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya desturi hii. Siku hizo Bariadi ilikuwa ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga; Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012. Mwalimu wetu alitaka kuupiga picha mpaka wa ngitili moja, ndani na nje kwa pamoja, kwa filamu ambayo majani mabichi hutokea meupe na udongo mtupu hutokea mweusi. Picha hiyo angewaonyesha wanafunzi wake, awaeleze jinsi setilaiti zinavyoyatambua mimea yenye uhai tangu Landsat ya kwanza iliporushwa mwaka 1972, maana nazo hutumia mwanga huohuo. Angewaonyesha pia wazee wanaosimamia ngitili, ambao kila mwaka hulazimika kuwatetea majani yale mbele ya wenye ng'ombe wasio na subira.

Sasa kazi ya namna hii ina siku zake. Mpaka huonekana vizuri kabla ngitili haijafunguliwa. Wakiisha kuingia ng'ombe, ndani na nje hufanana, na mwenye kamera hana budi kungoja mwaka mzima. Mwalimu alikuwa na siku tisa na mikanda miwili, kila mmoja wa picha 36, iliyoletwa na jamaa yake kutoka Ulaya. Huko Bariadi mkanda wa aina hiyo haununuliwi dukani.

Tuanze na kosa jepesi, ambalo limetuchekesha na kutuaibisha kwa wakati mmoja. Mwongozo wa Kiingereza unaeleza kwamba weupe wa majani katika picha za infraredi huitwa kwa jina la Wood. Huyu alikuwa Robert Williams Wood, mwanafizikia wa Marekani, aliyetangaza picha za namna hiyo mwaka 1910. Mfasiri, akiwa amezungukwa na sentensi zinazotaja majani, matawi na misitu, aliliona jina hilo kuwa ni neno la kawaida la Kiingereza, akaandika "athari ya mbao". Nasi tukalipitisha. Mwalimu alifahamu kwamba jambo lile ni la miti yenye mbao, si la nyasi wala mazao, hivyo picha sita za kwanza akazielekeza kwenye migunga, na nyasi za ngitili, ambazo ndizo hasa alizozifuata, akaziacha pembeni. Kwa kweli weupe huo hutokana na muundo wa jani lolote bichi: kijani cha jani hakiuzuii mwanga wa infraredi, na chembe za ndani pamoja na nafasi za hewa zilizo kati yake huutawanya na kuurudisha nje. Jani la muhogo hung'aa, la pamba hung'aa, la mgunga hung'aa. (Hata majani makavu hung'aa kiasi fulani, jambo ambalo mwongozo haukulitaja, na anayepiga picha mwezi wa Julai yafaa alikumbuke asije akahesabu majani yaliyokufa kuwa hai.) Dawa ya kosa hili ni ndogo: jina la mtu libaki jina la mtu, iandikwe "athari ya Wood", na sentensi inayofuata ieleze ni nani.

Jambo la pili lina utata zaidi, nalo linahusu jina lenyewe la mwanga huu. Kwa mwanga ulio upande wa pili wa upinde, Kiswahili kimekwisha kulizoea neno urujuanimno, neno zuri lililoundwa kwa mali yetu wenyewe. Mfasiri aliona si haki ndugu yake abaki na jina la kukopa, akaandika "mwanga wa chini ya wekundu". Twaikubali nia yake, na kwa muda mrefu nasi tulikuwa na maoni hayohayo. Lakini fikiri jinsi msomaji atakavyolitumia. Mwongozo hupima mwanga kwa nanomita, yaani urefu wa wimbi. Wekundu tunaouona hufika nanomita 700 hivi, na infraredi huanzia hapo kwenda juu: 720, 800, 900. Anayeambiwa atafute mwanga wa "chini ya wekundu" ataishika orodha ya namba, aanzie 700 na kushuka, naye atakutana na rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha kijani. "Chini" ya Kilatini ni chini kwa kasi ya mtetemo, ilhali namba zilizo mbele ya msomaji ni za urefu, nazo hupanda. Hapa basi neno la kukopa lina usalama ambao neno la kuunda halina, kwa sababu halimwambii msomaji apande au ashuke. Tumependekeza infraredi ibaki. Wale wanaodhani kila tafsiri ya mizizi ni ushindi wa lugha yafaa wautazame mfano huu.

Sasa twafika kwenye kichujio, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo mkanda wa kwanza ulipopotelea.

Filamu ya infraredi huona pia mwanga wa kawaida. Ikiachwa wazi, mwanga wa kawaida huifunika kazi yote, na picha hutokea kama picha nyingine yoyote. Kwa hiyo mbele ya lenzi huwekwa kioo chenye kuzuia rangi fulani na kupitisha nyingine. Mfasiri alikiita kichujio, nasi hatuna ugomvi na jina hilo. Ugomvi wetu ni na maelezo yaliyoambatana nalo: "Kichujio chekundu: kioo kinachochuja rangi nyekundu." Je, kuchuja rangi nyekundu ni kuiondoa au kuipata? Mswahili achujapo tui, tui hupita na machicha hubaki. Achujapo chai, chai hupita na majani hubaki. Kinachotajwa baada ya kitenzi ndicho kinachopita, nacho ndicho kinachotakiwa. Kwa kipimo hicho mfasiri yuko sawa. Lakini kitenzi hikihiki twakitumia kwa wagombea, na hapo mchujo huwatoa watu. Twasema pia kanga imechuja, maana yake rangi imeondoka. Mwalimu, akiwa na maneno "kuchuja" na "rangi" katika sentensi moja, aliikumbuka kanga. Alijiambia kwamba yeye anautafuta mwanga ulio jirani na wekundu, na kioo kinachouondoa wekundu hakiwezi kumfaa. Kile kioo chekundu cha namba 25 akakirudisha katika kisanduku chake.

Hasara ya kukirudisha ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Kioo chekundu cha kawaida huzuia buluu na kijani, hupitisha wekundu pamoja na infraredi. Hakileti weupe mkali wa majani, lakini karibu hakimnyimi mtu picha, kwa sababu wekundu unaoonekana huingia nao ukasaidia. Ndicho kioo cha anayeanza. Mpiga picha anaona kupitia humo, analenga, anabofya. Neno moja lenye ncha mbili lilimwondolea mwalimu kioo cha usalama, akabaki na vile viwili vyeusi.

Tulipokuwa kwenye mpaka wa ngitili, mzee mmoja miongoni mwa wasimamizi alikichukua kioo kimoja cheusi, akakielekeza kwenye mbuga iliyokuwa iking'aa kwa jua la saa sita, akakitazama kwa muda.

"Mwanangu," alituambia, "hiki kimezuia kila kitu. Kimebakiza nini?"

"Kimebakiza mwanga usioonekana, Mzee."

"Basi kiiteni kwa hicho kilichobaki."

Tumelifikiri sana jibu hilo. Mzee alisema "kilichobaki", wakati sisi tungesema "kinachopita". Yeye aliufikiria ungo: kwa apepetaye, makapi huruka na nafaka hubaki. Chujio na ungo hufanya kazi ya namna moja, lakini kimoja hukipitisha kinachotakiwa na kingine hukibakiza. Mwenye kuandikia nchi nzima hawezi kutegemea kwamba msomaji atakuwa na chombo kilekile kichwani. Ndiyo sababu tumependekeza kwamba neno kichujio liendelee, ila lisiachwe kamwe peke yake na rangi. Badala ya "kichujio chekundu" iandikwe "kichujio kipitishacho wekundu". Badala ya "kichujio cheusi" iandikwe "kichujio kipitishacho infraredi", na mbele yake namba. Ni maneno marefu, twakiri. Mpiga picha wa studio mjini Bariadi, tuliyemsomea, alisema yeye ataendelea kusema "kioo chekundu", na hakuna wa kumkataza. Mwongozo, hata hivyo, husomwa na mtu ambaye hana wa kumwuliza.

Kuhusu namba, hapa yatupasa kusema wazi. Katika tafsiri ya mfasiri kila kichujio kilikuwa na namba yake. Sisi tulizifuta, tukaandika pembeni kwamba ni namba za kiwandani zisizo na faida kwa msomaji wa Kiswahili. Kisha tukaiacha sentensi hii isimame: "Ukitaka athari kali zaidi, tumia kichujio cheusi kuliko vyote." Mwongozo wa asili uliandikwa zama za filamu ya Kodak iliyoitwa HIE, iliyoweza kupokea mwanga hadi kiasi cha nanomita 900. Kwa filamu ile, kioo cheusi kuliko vyote, namba 87C, ambacho huanza kupitisha mwanga kwenye nanomita 800 hivi, kilifanya kazi vizuri. Filamu ile iliacha kutengenezwa mwaka 2007. Zinazopatikana leo hazifiki mbali hivyo: Rollei Infrared hukomea kama 820, na Ilford SFX 200 hukomea kama 740. Mwalimu alikuwa na Rollei. Akakivisha kamera yake kioo cheusi kuliko vyote, kama alivyoagizwa. Kioo kilianza kupitisha pale ambapo filamu ilikuwa inaishia kuona. Picha 36, na ndani ya mkanda hamna kitu.

Kosa hilo si la kichujio peke yake. Ni la jina "filamu ya infraredi" pia, kwa kuwa hujumlisha vitu ambavyo havifanani. Kati ya filamu inayoona hadi 740 na ile iliyoona hadi 900 pana tofauti ya picha na ukosefu wa picha. Kwa desturi wanaistilahi hupenda jina moja kwa kitu kimoja, na hilo ni jema. Lakini hapa palikuwa na jina moja kwa vitu vitatu, na kilichovitenganisha ni namba tulizozifuta. Tumezirudisha. Sasa rasimu inasema "filamu ya infraredi ya 820" na "kichujio cha 720", na ina sentensi hii iliyo peke yake katika mstari wake: namba ya kichujio sharti iwe ndogo kuliko namba ya filamu, tena kwa nafasi ya kutosha. Kwa filamu ya 820, kichujio cha 720 chafaa. Kwa filamu ya 740 kichujio hichohicho hupitisha kidogo mno, na anayekitumia awe tayari kuongeza mwanga sana.

Mwalimu alipousafisha mkanda wa kwanza na kuuona mtupu, zilikuwa zimebaki siku tatu. Akadhani kioo kile kimekufa kwa uzee. Akachukua cha pili, ambacho kwa bahati njema kilikuwa cha 720. Hapo angeweza kufanikiwa, kama asingekutana na "vituo".

Wapiga picha wa Kiingereza wana neno wanalopimia mwanga ambalo kwa msafiri ni mahali pa kuteremkia basi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mwanga mara mbili ya ule wa kabla yake, au nusu yake. Mfasiri aliandika "vituo". Mwongozo ukasomeka hivi: "Kwa kichujio hiki, ongeza mwanga vituo vitano." Mwalimu aliichukua kamera, akapima kwa kanuni ya jua kali: filamu ya 400, tundu la lenzi f/16, shata 1/500. Vituo vitano, akasema, ni mara tano. Mara tano ya 1/500 ni 1/100; kwenye kamera yake namba ya karibu ni 1/125. Akapiga kwa 1/125.

Hesabu iliyokusudiwa ni hii: 1/500 ikiongezwa mara mbili huwa 1/250, tena mara mbili, 1/125, tena, 1/60, tena, 1/30, tena, 1/15. Nyongeza tano za namna hiyo ni mara 32, si mara 5. Mwalimu aliipa filamu yake moja ya nane ya mwanga iliouhitaji. Vile vivuli vya ukungu tulivyoletewa ndani ya bahasha ndio mpaka wa ngitili ya Binza, ukiwa umenyimwa sehemu saba katika nane za mwanga wake.

Twasisitiza kwamba mwalimu huyu anajua hesabu kuliko sisi. Kilichompoteza ni kwamba vituo huhesabika: kimoja, viwili, vitatu, na kila kimoja ni sawa na mwenziwe. Hata neno "hatua", ambalo wengi wangelipendekeza, lina ugonjwa huohuo, maana hatua tano ni mwendo wa hatua moja mara tano. Kiswahili kina maradufu na kina kitenzi kurudufu, na yote mawili yana maana ya kufanya mara mbili. Tumependekeza "rudufu": ongeza rudufu moja, punguza rudufu mbili. Anayeambiwa aongeze rudufu tano huenda asielewe mara ya kwanza, lakini hawezi kudhani ni kuzidisha kwa tano. Neno lenyewe litamsimamisha aulize. Nasi twaona neno linalomsimamisha msomaji mahali pa hatari lina faida kuliko lile linalompitisha haraka akaanguke mbele. Yule mpiga picha wa Bariadi hakupendezwa nalo. Alisema kwao husemwa "fungua moja", "fungua mbili", na mkono hujua wenyewe. Tumeyaweka maneno yake katika rasimu kwa upande wa kutenda, na rudufu kwa upande wa kukokotoa. Kama Baraza la wahakiki litaona moja linatosha, tutashukuru kuelezwa sababu.

Ndugu yake "vituo" ni "mabano". Kwa kuwa vipimo vya mwanga vya kamera havikuundwa kwa ajili ya infraredi, na kiasi cha infraredi ndani ya mwanga wa jua hubadilika kwa saa, kwa mawingu na kwa msimu, mpiga picha hupiga mandhari moja mara tatu au zaidi: mara moja kwa hesabu yake, mara moja kwa pungufu, mara moja kwa ziada. Waingereza huiita desturi hii kwa neno ambalo mwandishi hulitumia kwa alama za mabano. Rasimu ikasema: "Kila picha iwekewe mabano ya kituo kimoja kila upande." Katika daftari la mwalimu tuliziona namba za picha, kuanzia ya kwanza hadi ya thelathini na sita, zimezungushiwa mabano kwa uangalifu mkubwa. Hatukuwa na la kusema. Tumependekeza isemwe waziwazi, bila istilahi yoyote: "piga mara tatu: kwa kipimo, kwa pungufu, kwa ziada". Si kila dhana yahitaji jina. Nyingine zahitaji agizo tu.

Neno "mfichuo" tutalipita kwa haraka. Lilitumika kwa tendo la kuipa filamu mwanga. Kufichua ni kukiweka wazi kilichositirika, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimsaidia mwalimu alituuliza kama "kufichua filamu" ni kuitoa katika kopo lake. Kwa filamu ya kawaida swali hilo ni la kuchekesha. Kwa hii ni la hatari, kwa sababu mwanga huweza kupenya kupitia ulimi wa filamu ulio nje ya kopo, na mwenye hekima huipakia gizani au kivulini kabisa. Twapendekeza "mmuliko", kutokana na kumulika: filamu humulikwa kwa muda fulani kupitia tundu fulani. Kwa mmuliko uliozidi, watu wamekwisha kuwa na neno tangu zamani: picha imeungua. Lichukuliwe kama lilivyo.

Limebaki lile ambalo twaona haya kuliko yote. Katika ukurasa wa kumi na mmoja mfasiri alikuwa ameandika "kusafisha filamu", kama asemavyo kila mwenye studio, kila mteja, na kila bibi arusi aliyewahi kuulizia picha zake. Sisi tulilifuta. Tuliona kwamba filamu haina uchafu, kwa hiyo haisafishwi, tukaandika "ukuzaji" kwa kuufuata mzizi wa Kiingereza wenye maana ya kukua na kuendelea. Lakini kukuza picha ni kuifanya kubwa. Kazi hiyo ipo, ina chombo chake, na hufanywa baadaye. Mwalimu alipofika pale penye "muda wa ukuzaji" aliitafuta mashine ya kukuzia ambayo shule yake haina, na alipoikosa akaelekea kuiacha kazi yote. Kilichomwokoa ni karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya kisanduku cha filamu, ambayo aliisoma kwa Kiingereza. Mwongozo wetu uliandikwa ili asihitaji kufanya hivyo. Kalamu iliyolifuta neno hilo ilikuwa yetu, na tulilifuta kwa sababu hatukuliona katika kitabu, ingawa tulikuwa tukilisikia tangu utotoni.

Yako mambo ambayo mfasiri aliyapata vema, na haifai tuyanyamazie. "Chumba cha giza" ni sahihi na hakihitaji kuguswa. Maelezo yake juu ya ile alama nyekundu iliyochorwa kwenye lenzi za zamani ni bora kuliko ya Kiingereza: ameandika kwamba mwanga wa infraredi "hukutana nyuma kidogo ya pale mwanga wa kawaida unapokutana", kisha akaagiza pete ya lenzi izungushwe mpaka umbali uliopimwa ukae mbele ya alama hiyo. Mwalimu alilifanya hilo bila shida. Ameandika pia kwamba kwa kuwa kichujio cha 720 hakipitishi mwanga wa kuonekana wa kutosha, kamera iwekwe kwenye stendi ya miguu mitatu, mandhari ilengwe kwanza, ndipo kioo kivishwe. Hapo hapana istilahi hata moja iliyobuniwa, na hapana aliyekosea.

Rasimu ya pili imekwisha kurudi Binza, ikiwa na namba zote, na neno kusafisha likiwa mahali pake. Ngitili ilifunguliwa siku moja baada ya mkanda wa pili kupigwa; tulipofika sisi, ng'ombe walikuwa wamekula hadi kwenye mashina, na ule mpaka haukuonekana tena ila kwa mstari wa minyaa. Jamaa wa mwalimu ameahidi mkanda mmoja zaidi kabla ya Julai. Tumemwomba mwalimu aupige kwa rasimu hii, na kila neno litakalomkwamisha alipigie mstari, awe amelikuta kwa mfasiri au kwetu. Kwa shata ya 1/15 tulijaribu naye picha moja mwishoni mwa mkanda wake wa pili, ambazo mbili za mwisho alikuwa hajazitumia. Ni picha ya mgunga mmoja na majani yaliyoponea chini yake, nje ya mpaka. Majani ya mgunga yametokea meupe, udongo mweusi wa mbugani umetokea mweusi, na mbingu ni nyeusi kuliko udongo.